Haidrenjia, Udongo na Wazee wa Alhamisi

Kwa wazee ninaowahudumia, hakuna ua linalozua ubishi kama haidrenjia. Waridi hunuswa, likasifiwa, likaisha. Okidi huogopwa, maana inaonekana ya bei. Lakini weka haidrenjia ya buluu katikati ya meza, kando yake uweke ya rangi ya waridi, kisha uulize imekuwaje ndugu hawa wawili wasifanane. Hata yule aliyekuwa akisinzia tangu chakula cha mchana atafungua jicho moja.

Kwa asiyelijua ua hili kwa jina: ni kile kichaka cha kufika kiunoni, wakati mwingine kifuani, chenye majani mapana yenye meno pembeni na vichwa vya maua vyenye ukubwa wa kabichi changa. Kwetu Limuru utakiona kwenye bustani za nyumba za zamani, na ukipanda Lushoto utakiona pia. Pwani hakifurahi. Kinataka ubaridi, jua la asubuhi, kivuli cha mchana, na maji mengi kuliko mimea mingi ya bustani. Huku Massachusetts ninakoishi, hakuna mmea unaotangaza kiangazi kuliko huu. Rasi ya Cape Cod ina tamasha lake la haidrenjia kila Julai, na watu huendesha magari kutoka mbali kutazama bustani za watu wasiowajua.

Kazi yangu ni kutunza wazee, kama walivyo Wakenya wengi wa upande huu, na alasiri ya Alhamisi chemsha bongo ni zamu yangu. Nimeshaona karatasi nyingi za maswali zilizotengenezwa eti kwa ajili ya wazee. Nyingi zina kasoro mbili. Ama zinawafanya watoto wa chekechea, ama zinawapa mtihani. "Kuna spishi ngapi za haidrenjia duniani?" Jibu ni sabini na kitu. Haya, tumejua, kisha? Hakuna mtu aliyewahi kusimulia maisha yake kwa sababu ya sabini na kitu. Swali la kumfaa mzee ni lile ambalo akikosa jibu la kitabuni bado ana la kwake, na mara nyingi la kwake ndilo tamu.

Kwa hiyo mimi huanza na kitu cha kushika. Namkatia kila mmoja tawi, kisha nauliza: ua liko wapi?

Wote huonyesha zile rangi. Kumbe zile si petali. Ni sepali, yaani yale majani madogo ambayo kwenye maua mengine huwa ya kijani na kazi yake ni kulifunika tumba kabla halijachanua. Kwenye haidrenjia sepali zimekua, zikapakwa rangi, zikachukua sifa zote. Ua lenyewe ni kile kitone kidogo katikati, ambacho wengine huhitaji miwani kukiona. Kwenye aina za mwituni mambo yako wazi zaidi: katikati kuna kundi la vijiua vidogo vyenye uwezo wa kuzaa mbegu, na pembeni kuna duara la sepali kubwa tasa zinazofanya kazi ya kuwaita wadudu. Zile za vichwa vya mviringo tunazozipenda madukani zilichaguliwa na watunza bustani wa Japani kwa sababu karibu kichwa kizima ni matangazo. Mzee mmoja aliyefanya kazi ya uuzaji wa magari maisha yake yote aliipenda sana habari hii.

Sepali hizohizo ndizo zinazofanya haidrenjia ikauke vizuri. Petali za kawaida hunyauka na kudondoka, sepali hung'ang'ania. Ukiliacha ua kichakani hadi mwisho wa kiangazi, likashikika kama karatasi, ulikate na kulisimamisha kwenye maji kidogo yakaukie yenyewe, litakaa chumbani majira yote ya baridi.

Sasa rangi, na hapa ndipo muda wangu wote huishia.

Nikiuliza nini huifanya haidrenjia iwe ya buluu, majibu huja kwa kelele. Misumari yenye kutu iliyofukiwa kwenye shina. Sarafu za shaba. Mabaki ya kahawa. Mama mmoja anaapa kwamba nyanya yake alimwaga maji ya kuoshea samaki. Kila mmoja ana ushahidi, na ushahidi ni kichaka kilichokuwa mbele ya nyumba fulani kabla wengi wetu hatujazaliwa. Ukweli ni kwamba chuma cha msumari hakihusiki, wala shaba. Kinachohusika ni alumini.

Udongo karibu wote una alumini ndani yake. Swali ni kama mmea unaweza kuinywa. Udongo ukiwa na asidi, kipimo cha pH chini ya 5.5 hivi, alumini huyeyuka na kupanda na maji hadi kwenye sepali. Huko hukutana na kemikali ya rangi inayoitwa delfinidini, hushikana nayo kwa msaada wa kemikali nyingine zilizomo humo, na buluu hutokea. Udongo ukielekea alkali, yaani kinyume cha asidi, kuanzia 6.5 hivi kwenda juu, alumini hujifunga ardhini, haipandi, na delfinidini ileile hubaki na rangi ya waridi. Katikati ya vipimo hivyo ndiko kwenye zambarau na ile michanganyiko ya ajabu ambapo kichwa kimoja kina rangi tatu. Haya ni kwa Hydrangea macrophylla, haidrenjia ya kawaida ya bustani, na ndugu yake Hydrangea serrata. Zile nyeupe hazina rangi ya kugeuzwa. Mwaga utakacho, zitabaki nyeupe.

Wale waliosoma kemia sekondari watakumbuka karatasi ya litmasi: asidi huifanya nyekundu, alkali huifanya buluu. Haidrenjia ni kinyume chake kabisa, na mwalimu mstaafu tuliye naye alikataa katakata kuniamini hadi nikamwonyesha kwa maandishi. Mimi nilimwelewa. Litmasi inaguswa na asidi yenyewe. Haidrenjia inaguswa na kile ambacho asidi imekifungulia mlango.

Kuna jambo hapa ninalolipenda kuliko yote. Alumini iliyoyeyuka ni sumu kwa mimea mingi. Ndiyo moja ya sababu mahindi hudumaa kwenye udongo wenye asidi kali, jambo ambalo mkulima yeyote wa nyanda za juu analijua kwa machozi. Haidrenjia imepata namna ya kuihifadhi alumini hiyo bila kudhurika. Na mwenzake katika ustadi huo ni mchai. Chai hupenda udongo wenye asidi, na majani yake yaliyokomaa hujaa alumini kuliko mimea mingi. Kwa hiyo ukitaka kubahatisha haidrenjia itakuwa na rangi gani mahali usipopajua, uliza kama chai inastawi hapo. Udongo unaoipendeza chai ya Limuru ni udongo wa haidrenjia ya buluu.

Anayetaka kuigeuza iwe ya buluu huweka salfeti ya alumini kwenye udongo kwa kiasi kidogo, na kuepuka mbolea yenye fosforasi nyingi, kwa kuwa fosforasi huikamata alumini kabla mizizi haijaifikia. Anayetaka waridi huweka chokaa. Kutoka waridi kwenda buluu ni rahisi kuliko kurudi, na hakuna linalotokea usiku mmoja. Mara nyingi ni suala la msimu mzima au zaidi. Na ukiona kichaka kimoja kina maua ya waridi upande wa ukutani na buluu upande wa nje, usitafute mchawi. Chokaa inavuja kutoka kwenye saruji ya msingi wa nyumba.

Wasomaji wa pwani wanaijua shabu, ile jiwe jeupe la kutuliza maji yenye tope na la kupaka baada ya kunyoa. Nayo ina alumini. Wauza maua huku huchovya ncha ya shina la haidrenjia kwenye unga wa shabu ili lisinyauke upesi kwenye chombo. Hata lililokwisha kunyauka lina dawa: lizamishe kichwa chote kwenye maji baridi kwa nusu saa au saa moja. Haidrenjia hunywa maji kupitia sepali zake, na hufufuka mbele ya macho ya watu. Mimi hulifanya jambo hili kwenye beseni katikati ya meza, maua yaliyolala yakiingia mwanzoni mwa kipindi na kutoka mwishoni. Hakuna swali lolote la kwenye karatasi linaloshindana na beseni.

Nimesema swali zuri humpa mzee nafasi ya kujibu la kwake. Mfano wangu ni mama mmoja wa hapa ambaye kwa muda mrefu hakusema neno kwenye chemsha bongo. Namwita Mama kwa mazoea ya kwetu, na tangu mwanzo ameitika. Siku ya haidrenjia niliuliza swali nililodhani ni gumu: ni kisiwa gani cha Bahari ya Atlantiki kinachoitwa Kisiwa cha Buluu kwa sababu ya maua haya? Akajibu kabla sijamaliza, tena kwa ukali kidogo, kama mtu aliyeulizwa jina la baba yake. Faial.

Faial ni kimoja cha visiwa vya Azores vya Ureno. Udongo wake ni wa volkano, wenye asidi, na mvua haikosi. Haidrenjia zilizoletwa kutoka Asia zilistawi huko hadi zikageuka uzio: badala ya waya au ukuta mtupu, malisho ya ng'ombe yametenganishwa kwa mistari mirefu ya maua ya buluu. Zimestawi kupita kiasi, kusema kweli, na watunza mazingira wa huko wanazihesabu miongoni mwa mimea vamizi. Na ile kanuni yangu ya chai? Kwenye kisiwa jirani katika Azores hizohizo, São Miguel, kiko kiwanda cha chai cha Gorreana, kilichoanza mwaka 1883.

Mama huyo alikulia kwenye uzio huo. Mnamo Septemba 1957 volkano ya Capelinhos ililipuka baharini kando ya Faial na haikutulia hadi Oktoba mwaka uliofuata. Majivu yakafukia mashamba, mapaa yakabomoka. Mwaka 1958 Bunge la Marekani lilipitisha sheria maalumu ya kuwapokea wakimbizi wa Azores, na mmoja wa maseneta walioisukuma alikuwa John F. Kennedy wa hapa Massachusetts. Maelfu walikuja, wengi wakaishia Fall River na New Bedford, miji ambayo tayari ilikuwa na Wareno tangu enzi za kuvua nyangumi. Yeye alikuja akiwa msichana. Alitueleza jinsi ng'ombe walivyokuwa wakiweka pua kwenye maua lakini hawali, na jinsi majivu yalivyoyafanya maua yote kuwa ya rangi moja. Halafu akamgeukia yule mwalimu mstaafu na kumwambia litmasi yake hawakuihitaji.

Kwao Azores ua hili huliita hortênsia, jina linalohusishwa na Philibert Commerson, mtaalamu wa mimea Mfaransa aliyesafiri na msafara wa meli wa Mfaransa mwenzake Bougainville wa kuizunguka dunia, na kufia Mauritius mwaka 1773. Watu wamebishana sana ni mwanamke gani aitwaye Hortense aliyekusudiwa. Mimi navutiwa zaidi na msaidizi wake Commerson, Jeanne Baret, aliyepanda meli akiwa amevaa kiume na kuwa mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Swali la "Ni nani aliyevaa suruali ili akakusanye mimea?" huamsha wanawake wa meza yangu vizuri sana.

Hadithi nyingine ya ua hili na mwanamke iko Nagasaki. Mwaka 1823 daktari Mjerumani, Philipp Franz von Siebold, alifika Dejima, kisiwa kidogo cha kutengenezwa ambapo Waholanzi waliruhusiwa kufanya biashara wakati Japani imejifungia. Aliishi na mwanamke aitwaye Kusumoto Taki, na mwaka 1827 wakapata binti, Ine. Mwaka uliofuata Siebold alikamatwa na ramani za Japani, kosa kubwa kwa mgeni wakati huo, na mwaka 1829 akafukuzwa nchini. Mama na mtoto walibaki. Alipofika Ulaya, katika kuandika mimea ya Japani, aliipa haidrenjia moja jina Hydrangea otaksa, kutokana na namna alivyomwita Taki: O-Taki-san.

Jina lenyewe halikudumu kisayansi, kwa kuwa mtaalamu wa mimea Msweden, Carl Peter Thunberg, alikuwa ameshaueleza mmea huo mwaka 1784, akiudhania kuwa ni wa jenasi nyingine, yaani kundi jingine la spishi zenye udugu, na kanuni humpendelea aliyetangulia. Tomitaro Makino, mtaalamu mkubwa wa mimea wa Japani, alipogundua Otaksa ni nani alikasirika kwamba mtu ameingiza mapenzi yake kwenye sayansi. Nagasaki haikukasirika. Haidrenjia ndiyo ua rasmi la jiji hilo. Ine alisomea udaktari akawa mwanamke wa kwanza wa Japani kufanya kazi ya udaktari wa mtindo wa Ulaya. Siebold alirudi mwaka 1859 wakaonana. Nilipomaliza kuisimulia, mama mmoja aliyelea watoto wanne peke yake aliuliza swali moja tu: je, alikuwa anatuma pesa za matumizi?

Huko Japani haidrenjia ni ua la mvua. Huchanua Juni, msimu wa masika yao, na watu hupanga foleni na miavuli kwenye hekalu la Meigetsuin mjini Kamakura lenye vichaka takriban 2,500, karibu vyote vya buluu. Majani ya aina moja ya Hydrangea serrata hukaushwa kuwa chai tamu isiyohitaji sukari, ambayo kila Aprili 8 humwagiwa sanamu ya Buddha mchanga kusherehekea kuzaliwa kwake.

Ila nikifika hapo husimama na kuonya, na ninaonya hapa pia. Haidrenjia ya bustani ina sumu. Mwaka 2008 huko Japani watu walitapika baada ya kula majani yaliyowekwa kama pambo kwenye sahani mgahawani. Mbwa, paka na farasi hudhurika pia. Kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau, ambao huweza kutia kitu kinywani bila kuwaza, mimi hukaa karibu, huhesabu matawi yanayotoka na yanayorudi, na sote hunawa mikono kabla ya chai. Tusidanganywe pia na habari kwamba jamaa wa karibu wa haidrenjia, ambaye wataalamu wengine sasa humweka kwenye jenasi hiyohiyo, ni dawa ya malaria ya Wachina tangu kale. Ni kweli, na kemikali yake ina nguvu dhidi ya vimelea. Lakini iliwatapisha wagonjwa mno hata haikufaa. Dawa iliyotengenezwa kutokana nayo, halofuginoni, imeishia kwa kuku wenye koksidia, ugonjwa wa utumbo, na ndama wenye kuhara. Asichemshe mtu kitu.

Maswali mengine ni ya kuchangamsha tu. Katika sehemu za Uingereza ilisemwa kwamba ukipanda haidrenjia mlangoni binti zako hawataolewa. Wamarekani wanaipa mwaka wa nne wa ndoa, nami huuliza kila mmoja alikuwa anaishi wapi mwaka huo. Hapo naweza kukaa kimya robo saa na kusikiliza. Na ni nani aliyepewa haidrenjia na shabiki huko Venice mwaka 2011, akasikika kwenye maikrofoni akisema anaichukia kabisa? Madonna. Nusu ya meza hukasirika, nusu hukiri kwamba hata wao.

Ugomvi wenyewe hasa hutokea kwenye upogoaji. Mzee mmoja aliyetoka Illinois anasema haidrenjia hukatwa hadi chini kila baridi inapoisha, kabla haijachipua. Mama mwingine aliyekuwa na bustani Cape Cod anasema mtu akifanya hivyo ameua maua ya mwaka mzima. Nimewakuta wakilumbana hata kwenye foleni ya dawa.

Wote wawili wako sawa. Haidrenjia ya Cape Cod, macrophylla, hutengeneza matumba yake kwenye matawi ya mwaka uliopita. Ukiyakata umeyakata na maua. Ya mzee ni Hydrangea arborescens, mzaliwa wa Marekani yenyewe, inayochanua kwenye matawi mapya. Tena anasema ilikuwa ile iitwayo Annabelle. Mnamo mwaka 1910 Harriet Kirkpatrick, akiwa amepanda farasi karibu na mji wa Anna, Illinois, aliona msituni kichaka chenye vichwa vyeupe vikubwa isivyo kawaida. Kikachimbwa, kikapandwa nyumbani, na kwa takriban miaka hamsini kikasambaa kwa majirani kupeana vipande juu ya uzio, bila duka lolote kuhusika, hadi Profesa J.C. McDaniel wa Chuo Kikuu cha Illinois alipokifuatilia na kukiingiza sokoni.

Niliwaeleza hayo nikidhani nimesuluhisha. Hawakunishukuru. Walitaka mmoja ashindwe, na sasa nimewaharibia. Mzee amenituma nimchapie picha ya Annabelle, sharti kichwa chake kiwe kikubwa kuliko chochote kilichoko kwenye albamu ya yule mama.